Vita Vilivyopita Same, na Wapagazi Wasio na Sanamu Yao Wenyewe

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Same kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, na kufikia 1911 ilikuwa imefika Moshi, baada ya kupita tambarare chini ya milima ya Upare: Hedaru, Makanya, Same, Lembeni. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi kutoka India pale Tanga, kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliteremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro. Waliwahi, wakashinda. Bila njia hiyo ya chuma iliyopita Same, huenda Tanga ingeanguka.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliuchukua mji wa Moshi mwezi Machi, akasubiri masika yapite, na mwishoni mwa Mei akashuka kusini. Kikosi kimoja kilifuata reli, kingine kikafuata mto Pangani. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja na kung'oa reli, na katika siku kumi hivi Upare yote ikawa mikononi mwa Waingereza. Mapigano makubwa milimani hayakutokea. Vita vilipita bondeni kwa haraka, na mwezi Julai Tanga nayo ikatekwa.

Lakini jeshi halikwenda kwa reli peke yake. Reli ilipoishia, mzigo ulikwenda kichwani. Pande zote mbili zilichukua wanaume vijijini, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi, unga na majeruhi. Mpagazi mmoja alitwishwa kilo 25 hivi, na aliyefika mbali na kwao alikula posho asiyoizoea, mara nyingi unga ambao haukuiva vizuri. Kuhara damu, malaria na nimonia viliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya Waingereza wenyewe yanataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa upande wao. Jina la jeshi hilo la mizigo, Carrier Corps, lilipopita midomoni mwa watu likawa Kariakoo, na soko la Dar es Salaam lipo mahali palipokuwa kambi yao. Maelfu hununua nyanya pale kila siku, na ni wachache sana wanaokumbuka jina limetoka wapi.

Kumbukumbu zilizojengwa baadaye zilimpendelea mwenye bunduki. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliwekwa mwaka 1927, pale ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila aliyesimama juu ni askari peke yake. Sanamu ya Nairobi ilimpa mpagazi nafasi kando ya wenzake. Wissmann alihamishiwa Hamburg, akasimamishwa mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1968. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Askari wa upande wa Wajerumani waliobaki hai walilipwa kwa kuchelewa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwapa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara. Husimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wengi bila hati yoyote, na ofisa aliyekuja na fedha akawapa fagio badala ya bunduki na kuwaamrisha kwa Kijerumani ili kuwatambua. Amri hizo, inasemekana, hakuna aliyekuwa amezisahau.

Kwa upande wa Upare, kazi ya kuhifadhi habari za kale ilifanywa zaidi na chuo kikuu kuliko makumbusho. Isaria Kimambo, Mpare na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwahoji wazee milimani na kuchapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, kisha kitabu kuhusu Mbiru, maandamano ya walipa kodi yaliyojaza mji wa Same mwaka 1945. Alithibitisha kwamba maneno ya mzee yakilinganishwa na ya mwenzake, na yote yakapimwa kwa nyaraka za serikali, hutoa historia isiyopungua ile ya maktaba.

Waliobeba mizigo mwaka 1916 wote wamekwisha fariki. Vita vya Pili vya Dunia, vilivyowapeleka vijana wa Tanganyika hadi Burma, bado vina watoto na wajukuu wanaokumbuka. Aliye na medali, picha au cheti cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwenye sanduku la babu asikitupe: akipige picha, aandike jina la mwenyewe, kijiji chake na mwaka, kisha akapeleke nakala Makumbusho ya Taifa.