Slasha ya Trekta: Pima Trekta Lako Kwanza, Bei Baadaye

Kiangazi ndicho hiki. Mabua ya mahindi yamekauka shambani, mabondeni mabingobingo yamemzidi mtu urefu, na kila anayetaka kulima kwa wakati mvua zikianza anatafuta namna ya kusafisha shamba. Ndiyo maana swali hili nalipata sana siku hizi: "Afisa, kikundi chetu kina trekta la hp 50. Tumeona slasha ya futi 7, bei nzuri kabisa. Tuchukue?"

Kwa milima yetu ya Buhigwe nawajibu hivi: msichukue. Wengi wenu trekta mmelipata kwa mkopo, na slasha mnaitegemea iwaingizie hela kabla ya msimu wa kulima. Mashine isiyolingana na trekta inaua klachi na giaboksi kabla haijalipa hata rejesho moja. Tuangalie hesabu yake taratibu.

1. Hp ya kwenye boneti siyo hp ya slasha

Namba iliyoandikwa kwenye trekta ni nguvu ya injini. Slasha inazungushwa na shafti ya PTO, na nguvu inayofika pale huwa kama asilimia 85 ya ile ya injini. Kwa hiyo hp 50 inabaki karibu 42.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia, maana kwake halipo. Sisi tuko juu. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukiwa kwenye mita 1,500 umeshapoteza kama asilimia 15. Massey Ferguson 240, trekta tunalolifahamu wote, halina tabo. Zile hp 42 zinakuwa kama 36, na hapo injini ni nzima. Kama imechoka, punguza tena.

2. Unakata nini?

Jiulize hili kabla ya kuuliza upana. Kwa nyasi fupi na mabua makavu, kadiria hp 16 za PTO kwa kila mita moja ya upana. Kwa mabingobingo mazito na vichaka vyenye miti ya unene wa kidole gumba, weka hp 25 kwa mita, na ikiwezekana zaidi.

Sasa gawanya. Hp 36 kwa 25 unapata mita 1.4. Yaani kwa kazi nzito trekta la hp 50 huku kwetu linabeba slasha ya futi 5 (mita 1.5), tena kwa mwendo wa pole. Futi 6 (mita 1.8) inawezekana kama kazi yako ni nyasi na mabua tu. Futi 7 ni mita 2.1. Ukiiingiza kwenye mabingobingo, trekta litalia mpaka lizime.

Kwa matrekta mengine, ukiwa huku juu:
- Hp 25 hadi 35: futi 4 (mita 1.2).
- Hp 50: futi 5, au futi 6 kwa kazi nyepesi.
- Hp 75: futi 6 kwa vichaka, futi 7 kwa nyasi.

Wenzetu walio na mashamba ya tambarare kule Kasulu na Kibondo wanaweza kunyoosha kidogo. Hata hivyo, wakutane na kichaka wakiwa na nguvu ya akiba.

3. Chukua futi kamba, pima matairi

Slasha isiwe nyembamba kuliko trekta. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia. Slasha ikiwa nyembamba, tairi linalaza nyasi bila kukatwa, na baada ya siku mbili zimesimama tena. Kama trekta lako lina upana wa mita 1.7 na nguvu inaruhusu mita 1.5 tu, muulize fundi kama matairi yanaweza kusogezwa ndani. Ila kwenye mteremko usiyabane sana, maana trekta jembamba hupinduka kirahisi. Ni afadhali urudie mstari kidogo.

Mwenye kahawa naye apime nafasi kati ya mistari. Kahawa iliyopandwa mita 2.7 kwa 2.7, matawi yakishafunga, trekta la hp 50 halipiti bila kuvunja. Humo tumia mashine ya begani au fyekeo la mkono. Kwenye michikichi ya mita 9 kwa 9, kama wanavyopanda wenzetu kando ya ziwa, slasha ya futi 5 au 6 inafanya kazi vizuri.

4. Kubwa inaokoa muda kiasi gani?

Hapa ndipo tamaa inapoingia. Tuseme unakwenda kilomita 5 kwa saa, na muda wa kugeuza na kupishana mistari unakula asilimia 20. Futi 5 inafyeka kama ekari moja na nusu kwa saa. Futi 6 inafyeka ekari 1.8. Kwa shamba la ekari 10 tofauti ni kama saa moja tu. Saa hiyo unairudisha yote, na zaidi, ukilazimika kwenda gia ya chini kwa sababu trekta limezidiwa.

5. Uzito na mlima

Slasha ya futi 7 ya kazi nzito inaweza kuzidi kilo 500, na zote zinaning'inia nyuma. Magurudumu ya mbele yanapaswa kubaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta, la sivyo usukani hauna kazi. Pale Munanila au Muyama, ukipandisha mlima umeinua slasha, mbele kunanyanyuka. Weka vyuma vya uzito mbele, na kwenye mteremko fyeka kwa kupanda na kushuka, siyo kwa kukatisha. Panapokutia wasiwasi kupita na trekta, shuka, toa fyekeo.

6. Kabla hujalipa, kagua haya

- Mzunguko: slasha nyingi za ukubwa huu ni za PTO ya mizunguko 540. Hakikisha inalingana na yako.
- Pini za kufungia: daraja la kwanza ni milimita 22 chini, daraja la pili ni 28. Zisizolingana zinagongagonga mpaka zinakata.
- Kinga ya giaboksi: boliti ya kukatika au klachi ya kuteleza. Boliti ikikatika, weka ya aina ileile. Dereva anayechomeka nondo anahamishia hasara kwenye giaboksi.
- Trekta la klachi moja: lazima kuwe na kifaa cha kuachia mzunguko kwenye shafti. Bila hicho, visu vikiwa bado vinazunguka vinalisukuma trekta mbele hata ukikanyaga klachi.
- Minyororo ya mbele na nyuma pamoja na kava la shafti: jiwe likirushwa na kisu linaweza kufika mita 100. Watoto wakae mbali, na asiyeendesha asipande.
- Kama ni mpya, uliza iwapo aina hiyo imejaribiwa na CAMARTEC, Arusha.

Mabua ukishayafyeka usiyachome. Yaache yafunike udongo, kwenye milima hii ndiyo yanayozuia mvua ya kwanza isiondoke na rutuba.

Mkiwa bado na mashaka, njooni ofisi ya kata na vipimo vitatu: hp ya trekta, upana wa matairi, na kitu kinene kuliko vyote mnachotaka kukata. Hesabu tutaifanya pamoja kabla hela haijatoka mfukoni.