Roy Willis, Mhakiki wa Hadithi za Ufipa

Miongoni mwa Waingereza walioandika juu ya hadithi za Tanzania, anayestahili kusomwa kwa makini na watu wa Sumbawanga, Mwazye na Ufipa yote ni Roy Willis, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa maisha na fikra za jamii, aliyefanya utafiti kwa Wafipa katika miaka ya 1960 na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Willis hakuzitunga hadithi hizo. Zilikuwa za Wafipa wenyewe, naye alizisikiliza, akaziandika na kuzihakiki.

Iliyomshughulisha kuliko zote ni kisasili, yaani simulizi ya kale inayoeleza chanzo cha mambo, kuhusu Milansi, makao ya watawala wa kwanza wa Ufipa. Husimuliwa kwamba mtawala Ntatakwa alipokuwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni, wakakikalia kiti chake, naye aliporejea hakushika silaha bali alipatana nao, akabaki na Milansi huku wao wakiitwaa nchi iliyosalia, na kwao ukatokana ukoo wa Twa uliotawala baadaye. Katika makala yake ya 1967 Willis alionyesha kwamba simulizi hiyo imejengwa juu ya jozi ya kichwa na kiuno: Milansi ni kichwa, penye akili na mamlaka ya wenyeji, na wale wageni ni kiuno, penye nguvu na uzazi. Msingi wa usomaji huo ulitoka kwa Mfaransa Claude Lévi-Strauss, aliyefundisha kwamba maana ya kisasili imo katika uhusiano wa sehemu zake zinazokinzana. Lakini Willis hakuishia hapo, na huo ndio ubora wake mkubwa, kwani katika kitabu cha 1981, A State in the Making, aliihusisha simulizi na historia halisi ya kukua kwa dola za Ufipa kabla ya ukoloni.

Mwaka 1970 alichapisha pia utafiti juu ya mapokeo ya Kaswa, mtabiri wa Kifipa, na mwaka 1978 ukatoka mkusanyo wake wa simulizi za Wafipa, There Was a Certain Man, ambao jina lake dogo huziita simulizi hizo sanaa ya kusema. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na wenye uwezo mkubwa wa kuupima uhakiki wake ni wale wanaozisikia hadithi hizo kwa Kifipa.