Nyongo, Panya na Hizo "Ulcers" Zako: Watu wa Embu na Meru, Kujeni Hapa

Ushawahi tapika asubuhi tumbo likiwa tupu, ukatoa maji ya kijani chungu kama mwarobaini? Hiyo ni nyongo. Ini ndiyo huitengeneza, halafu inamwagwa kwa utumbo mdogo isaidie kusaga mafuta. Ikipanda kwa tumbo mara moja moja, si noma. Noma ni ikihamia huko.

Madaktari walishtuka kitambo. Wagonjwa waliokatwa kipande cha tumbo juu ya vidonda, miaka mingi baadaye wengine walipata kansa kwa kile kipande kilibaki, mahali nyongo sasa ilikuwa inapita. Wasee wa maabara wakachukua panya, wakawafanyia operesheni nyongo iwe inarudi tumboni kila siku. Hawakuwapa kemikali yoyote ya kuleta kansa. Bado baadhi yao walipata kansa ya tumbo.

Inafanyaje? Nyongo ni kama sabuni, inayeyusha mafuta, na ngozi ya seli ni mafuta. Seli zinaungua, tumbo linaharakisha kutengeneza zingine, na kwa hiyo haraka makosa ya DNA yanaingia. Zingine hata zinaanza kufanana na seli za utumbo, kama msee wa ocha amekaa Nairobi wiki mbili tu na ameshabadilisha lugha.

Lakini panya si mtu. Kwa binadamu mshukiwa mkuu ni bakteria inaitwa H. pylori, ambayo shirika la WHO la utafiti wa kansa liliiweka kundi la kwanza mwaka wa 1994.

Sasa mbona nakuambia wewe? Mwaka wa 2001, jarida la British Journal of Cancer lilichapisha hesabu ya kansa ya tumbo huku mashariki mwa Kenya, pande za Mlima. Waliiita kadirio la chini, juu msee hajafika hosi hahesabiwi. Na usikimbilie kulaumu muguka. Hapo walikuwa wanahesabu wagonjwa, si kutafuta mchawi.

Anko wangu wa Runyenjes alimeza dawa za chemist miaka minne akisema ni ulcers tu. Mpaka suruali zikaanza kumwanguka.

Ukipungua kilo bila sababu, ukishiba na vijiko viwili, ukitapika damu ama choo kiwe cheusi kama lami, achana na chemist. Itisha kamera ya tumbo. Ni mrija mwembamba unashukishwa kwa koo, na wanaweza kupima H. pylori hapo hapo. Anko anasema mrija haukuwa mbaya hivyo. Kilichomuuma ni kulala bila kula.