Lami Haina Kadi ya Chama

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: Mpanda, mji uliopata kuwa ngome ya upinzani huku magharibi mwa Tanzania, "ulijirudi" lini, na kwa nini? Na muulizaji, kabla ya kungoja jawabu, aghalabu huwa amekwisha kulitoa yeye mwenyewe: kwamba wakazi wa mji ule walichoka kunyimwa maendeleo kwa kosa la kumpeleka bungeni mtu wa CHADEMA, wakaona heri warejee kwa chama chenye funguo za hazina, na waliporejea ndipo walipopata mkoa, lami na hadhi. Nimelijibu swali hili kwa adabu katika semina, barazani na hata harusini. Leo nalijibu kwa maandishi kwa kuwa adabu imeanza kunipungukia. Dhana hiyo ni batili tangu mwanzo wake hata mwisho wake, na mtu yeyote mwenye kalenda ukutani angeweza kuibatilisha bila ya msaada wa mtaalamu.

Haya, tuifungue kalenda. Said Amour Arfi wa CHADEMA alichaguliwa mbunge wa Mpanda Kati mwaka 2005, katika uchaguzi ule ambao Jakaya Kikwete alizoa zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais na chama chake kikatwaa majimbo 206 kati ya 232, hata CHADEMA ikaambulia majimbo matano tu nchi nzima, Mpanda ikiwa mojawapo. Mwaka 2010 Arfi alirudi bungeni, mara hii kwa jimbo lililoitwa Mpanda Mjini. Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni Mpanda, ulimegwa kutoka Rukwa mwezi Machi 2012. CCM ilikitwaa kiti hicho Oktoba 2015, mgombea wake akiwa Sebastian Kapufi. Msomaji na ahesabu mwenyewe: mkoa ulitangulia, na huko kunakoitwa kujirudi kukafuata baada ya miaka mitatu na ushei. Ujira hautangulii kazi kiasi hicho, ila tukiamini kwamba Serikali ya siku zile ilikuwa na elimu ya falaki.

Hapo muulizaji hubadili mguu na kusema kwamba mkoa ule ulikuwa chambo. Sawa, basi tuitazame mikoa yote minne iliyoanzishwa mwaka huo, yaani Katavi, Geita, Njombe na Simiyu. Huko Simiyu, katika uchaguzi wa 2010, majimbo yote mawili ya Maswa pamoja na Meatu yalikuwa yamechagua CHADEMA, na Bariadi Mashariki ikamchagua John Cheyo wa UDP, ilhali Njombe ilikuwa nyumbani kwa CCM bila ya shaka yoyote. Zote zikapewa mkoa, mtiifu kwa mkaidi. Kilichozikusanya pamoja ni ukubwa wa mikoa mama na umbali wa makao makuu, kwani mtu wa Mpanda aliyekuwa na shida ya kiserikali ngazi ya mkoa alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 mpaka Sumbawanga, kwa njia ambayo wakati wa masika ilistahili jina la mto kuliko jina la barabara.

Lakini hoja inayoimaliza kabisa dhana hii si ya Mpanda Mjini. Ni ya Inyonga. Inyonga ilikuwa katika jimbo la Mizengo Pinda, aliyeingia bungeni mwaka 2000 kwa Mpanda Mashariki, jimbo ambalo baadaye likaitwa Katavi, na ambaye tangu Februari 2008 hadi mwaka 2015 alikuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Ikiwa utiifu kwa chama tawala ndio unaoleta lami, basi hapana mahali katika Tanzania nzima palipostahili lami kuliko Inyonga, maadamu hapakuwa na utiifu tu bali na Waziri Mkuu mwenyewe. Na bado, miaka yote ile, abiria wa Tabora walipita Inyonga kwa vumbi kiangazi na kwa matope masika, mabasi yakilala njiani na abiria wakishuka kusukuma. Na barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga na Inyonga haikuwekwa lami mpaka Pinda alipokwisha ondoka madarakani, nayo ikagharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo sijapata kusikia kwamba hukagua kadi za vyama. Karema nayo, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa katika jimbo la Mpanda Vijijini ambalo mwaka 2010 liliingia mikononi mwa Moshi Kakoso wa CCM, na watu wake watakueleza, kama utafika, muda waliongoja bandari na njia ya kuifikia. Kinyume chake, kazi ya lami ya kutoka Sumbawanga kuelekea Mpanda ilianza siku ambazo mji wa Mpanda ulikuwa na mbunge wa CHADEMA. Sisemi kwamba upinzani uliileta. Nasema barabara kuu hupangwa kwa mizani nyingine: nani atakopesha, mzigo gani utapita, na inaunganisha mikoa ipi.

Anayetaka ushahidi wa zamani zaidi atazame reli. Ile reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, wakati ambapo wananchi wa Tanganyika walikuwa bado hawajapiga kura hata moja ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ilijengwa kwa sababu kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na madini ya risasi ya kuchimba, nayo risasi haibebeki kwa punda. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mwaka ule ule ambao TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71, na mji ukafifia huku chama kikiwa katika kilele cha kupendwa kwake. Mapenzi yale yote hayakurudisha hata chembe moja ya madini ardhini.

Nakiri kwamba Waziri Mkuu akiwa jirani yako, mafaili yako hayalali sana mezani, na mtu wa Mpimbwe, huko nyumbani kwa Pinda, anayekana hilo anakufuru neema. Lakini hiyo ni baraka ya cheo, na cheo hicho kilikuwako vilevile Mpanda Mjini ilipokuwa ikipiga kura za upinzani.

Kwa nini, basi, kiti kile kilihama? Jawabu liko katika yale majimbo matano ya CHADEMA ya mwaka 2005, ambayo sijui kwa nini waandishi wetu hawayaweki mezani kwa pamoja. Yalikuwa Karatu ya Dk. Willibrod Slaa, Moshi Mjini ya Philemon Ndesamburo, Tarime ya Chacha Wangwe, Kigoma Kaskazini ya Zitto Kabwe, na Mpanda Kati ya Arfi. Sasa yafuate hadi mwaka 2015, mwaka ambao upinzani, ukiwa na Edward Lowassa, ulipata karibu asilimia 40 ya kura za urais, kiasi ambacho haukupata kukifikia tangu mfumo wa vyama vingi urudi. Karatu ilibaki CHADEMA, ingawa Slaa hakugombea tena huko tangu 2010. Moshi Mjini ilibaki, ingawa Ndesamburo alistaafu. Tarime, baada ya kifo cha Wangwe na baada ya kuponyoka mwaka 2010, ilirudi CHADEMA ikiwa majimbo mawili badala ya moja. Mawili yaliyopotea ni Kigoma Kaskazini na Mpanda, na hayo ndiyo mawili ambayo wabunge wake walitengana na chama wangali hai na wangali katika siasa: Zitto akaenda ACT-Wazalendo na kuchukua ubunge wa Kigoma Mjini, na Arfi, ambaye mwaka 2013 alijiuzulu umakamu mwenyekiti wa CHADEMA Tanzania Bara, aliiaga kabisa kabla ya uchaguzi na kuingia CCM.

Kwa maneno mengine, Karatu na Moshi zilikuwa na chama, chenye matawi, wenyeviti wa vijiji, madiwani na watu wa kufungua ofisi hata siku isiyo na mkutano. Mpanda ilikuwa na mtu. Mtu alipoondoka, waliomfuata walibaki na kadi zisizo na jina la kuliita. Huko si kugeuka kwa nyoyo, wala si toba ya mji mzima. Na lau sheria ingemruhusu mgombea binafsi, nadhani hata hilo jina la CHADEMA tusingelisikia sana katika habari za Mpanda, kwa kuwa mtu wa aina hiyo hahitaji chama ila kwa sababu sheria inamlazimisha. Mwaka 1960 Herman Sarwatt aliweza kusimama Mbulu peke yake akamshinda mgombea rasmi wa TANU. Tangu mfumo wa chama kimoja wa mwaka 1965 mlango huo umefungwa, na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Arusha ya mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, haijaufungua. Hata hivyo enzi ya chama kimoja haikuwa ya usingizi kama vijana wanavyodhani: mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walishindanishwa karibu katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa. Wapiga kura walikuwa wakichagua watu ndani ya chama muda mrefu kabla ya kuanza kuchagua vyama. Na sheria ya vyama vingi ilipokuja mwaka 1992, ilikuja ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikuta kwamba asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee.

Jambo la pili ambalo muulizaji halitii maanani ni kwamba Mpanda anayoizungumzia haipo tena. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 564,604 katika mkoa mzima wa Katavi. Ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Nusu ya mkoa, basi, ama ilikuwa haijazaliwa, ama ilikuwa Shinyanga, Tabora au kwingineko ikichunga ng'ombe na kutafuta mashamba. Na majimbo, yaliyokuwa matatu mwaka 2010, yakawa matano mwaka 2015 kwa kuongezeka Nsimbo na Kavuu. Mtu anayelinganisha kiti cha 2005 na cha 2015 analinganisha wapiga kura tofauti ndani ya mipaka tofauti, kisha anashangaa kwamba hesabu haikubali.

Wako pia wanaoninong'oneza kwamba mji ulibebwa na wale Warundi wa mwaka 1972 waliopewa uraia, ambao vyeti vyao vilianza kugawiwa 2014. Nitalijibu kwa sentensi moja: Katumba ilikuwa Nsimbo na Mishamo ilikuwa Mpanda Vijijini, si Mpanda Mjini, na raia anayepiga kura katika jimbo lake hahamishi kiti cha jimbo la jirani.

Kuhusu mwaka 2020 na 2025 sitasema mengi, kwa kuwa viti vya miaka hiyo ni mizani iliyovunjika ulimi. Mwaka 2019 CHADEMA ilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2020 jimbo moja tu Tanzania nzima liliangukia mikononi mwake, nalo, kwa dhihaka ya historia, ni Nkasi Kaskazini ya Aida Khenani, jirani zetu wa Rukwa ambao hakuna aliyepata kuwaita ngome ya lolote. Na mwaka 2025 jina la chama hicho halikuwamo katika karatasi za kura kabisa. Anayetaka kupima nyoyo za watu kwa miaka hiyo atafute kipimo kingine.

Sasa yaliyo ya manufaa, upesi upesi. Ukitaka barabara, uliza kwanza ni ya nani: kuu na ya mkoa ni ya TANROADS, ya wilaya na mtaa ni ya TARURA, na mbunge wa chama chochote atapiga kelele kwenye mlango ule ule. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo hugawanywa kwa idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo mwulize ametumiaje, na uulize kwa maandishi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu juu ya halmashauri yako hutoka kila mwaka. Soma kurasa zinazohusu Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele au Mpimbwe, uache nyingine. Ukiwa mwanachama wa CCM mwenye haki ya kupiga kura ya maoni, kura yako nzito ni hiyo, si ile ya Oktoba, basi usiiuze kwa kanga. Ukiwa wa upinzani katika jimbo lisiloshindika, piga kura vilevile, kwani viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge nchi nzima, na ndivyo CHADEMA ilivyopata viti 25 vya aina hiyo mwaka 2010. Fomu ya matokeo hubandikwa ukutani kituoni: inakili kabla mvua haijaipata, pamoja na idadi ya walioandikishwa na ya kura zilizoharibika. Na mkutano wa Baraza la Madiwani uko wazi kwa mwananchi. Nenda na daftari, na kiti ukikosa, simama mlangoni.