Mfupa wa Kichwa na Matarishi wa Mwili

Kila mama aliyenyonyesha ajua mahali pale juu ya kichwa cha mtoto mchanga ambapo kidole hakigusi mfupa, ila ngozi laini ipwitayo kwa mapigo ya moyo. Ndipo tupaitapo utosi. Wengine huogopa hata kupagusa. Wengine hupapaka mafuta kila asubuhi. Na bibi zetu walikuwa wakipatazama kabla ya kuuliza habari nyingine za mtoto. Katika hilo hawakukosea, kwa maana utosi uliobonyea, hasa kwa mtoto aharishaye, huonyesha kwamba maji yamempungukia mwilini, naye hana budi kupelekwa hospitali siku ile ile. Lakini katika mazungumzo haya twapenda kueleza habari za utosi usiozibika kwa wakati wake, na habari za mfupa uzibikao kabla ya wakati. Katika mambo hayo mawili twaona wazi jinsi mfupa wa kichwa unavyotii amri zipitazo katika damu, na jinsi dawa iwezavyo kuusaidia au kuuharibu.

Yafaa kwanza tuutazame mfupa wenyewe. Mara kwa mara sisi walimu huchemsha kichwa cha mwana-mbuzi mpaka nyama itoke, kisha huwapa wanafunzi fuvu walitazame. Karibu kila mwaka yuko mwanafunzi anayesema, “Mwalimu, limepasuka.” Halikupasuka. Fuvu si chungu kilichofinyangwa kwa udongo mmoja. Ni vipande kadhaa vilivyokutana kama mbao za jahazi, na kati ya kipande na kipande pana mshono. Katika mtoto mchanga mishono hiyo haijafungana, imeshikwa kwa utando tu, na penye kukutana vipande vingi ndipo palipo na utosi.

Sababu ya kuachwa wazi ni ubongo. Mtoto azaliwapo, mzingo wa kichwa chake ni kama sentimeta 35. Atimizapo mwaka mmoja ni kama sentimeta 46, na ubongo wake umezidi mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Ubongo ukisukuma, mishono hupanuka, na ukingoni mwa kila kipande mfupa mpya huongezwa. Utosi mdogo wa nyuma huzibika katika miezi miwili au mitatu. Ule mkubwa wa mbele mara nyingi huzibika kati ya mwezi wa 9 na wa 18, na watoto wengine wazima hukawia kidogo kuliko hapo. Mshono wa katikati ya paji la uso hufungana katika mwaka wa kwanza. Mishono mingine mikubwa haianzi kufungana kabisa mpaka mtu awe mtu mzima.

Mshono ukijifunga mapema, kichwa hakina njia ya kukua upande ule, basi hukua upande mwingine. Daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza jambo hili mwaka 1851: mshono wa utosini ukifungana mapema, kichwa huwa kirefu na chembamba. Ikifungana mishono mingi, ubongo hubanwa, na macho yaweza kuingia hatarini. Mtoto wa namna hiyo huhitaji kupasuliwa ili mifupa ifunguliwe.

Nani basi huuambia mfupa uongeze, au ungoje? Katika mwili mna tezi zinazotoa vitu viitwavyo homoni. Twaweza kuzifananisha na matarishi wa ofisini: tarishi hafanyi kazi ya seremala wala ya mwashi, bali huchukua barua, na mwashi akiisoma huanza kazi. Katika mfupa mna chembe zijengazo na chembe zibomoazo, na zote mbili huzisoma barua hizo kila siku. Mfupa ni kitu kilicho hai, ingawa tumezoea kuuona mkavu.

Tarishi mkubwa wa utosi hutoka katika tezi iliyo shingoni, mbele ya koo. Mtoto mmoja kwa kila watoto 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na upungufu wa homoni ya tezi hiyo. Yeye hulala mno, sauti ya kilio chake ni nzito, ulimi ni mkubwa, choo ni kigumu, na utosi ni mpana kuliko desturi, tena haufungi. Hatari kubwa haimo katika utosi. Utosi ni dalili tu. Homoni ile ile iuamuruyo mfupa huuamuru na ubongo, na ubongo uliokosa amri hizo katika miezi ya kwanza hauzipati tena zote baadaye. Ndiyo sababu katika nchi nyingi za kitajiri mtoto hutobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, damu yake ikapimwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika kipimo hicho hakijawafikia watoto wote, kwa hiyo jicho la mama bado lina kazi.

Kasoro hii ya kuzaliwa nayo mara nyingi hutokana na tezi yenyewe kutokuumbika vizuri. Lakini tezi nzima nayo haiwezi kufanya kazi bila madini joto. Watu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na wa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu huko Kongo, waliona rovu kwa wingi kwa sababu udongo wao ulipungukiwa na madini hayo, na watoto wengine wakazaliwa na akili nzito. Chumvi yenye madini joto imelipunguza sana balaa hilo.

Habari za dawa yake ni za ajabu kidogo. Mwaka 1891 daktari George Murray, huko Newcastle nchini Uingereza, alimdunga mwanamke mgonjwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo, naye akapona akaishi miaka mingi. Siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani aliipata homoni yenyewe ikiwa safi. Leo hutengenezwa kuwa vidonge vidogo, navyo si ghali sana.

Kwa kuwa ni vidogo, watu huvidharau. Jirani yetu mmoja alijaliwa mtoto aliyegunduliwa na ugonjwa huu akiwa na miezi mitano, maana hapo nyuma wote walisema, “Mtoto mpole huyu, hana usumbufu.” Alipewa kidonge kilichosagwa katika kijiko cha maji kila asubuhi. Baada ya majuma machache mtoto alichangamka, akacheka; na baba yake, kwa furaha, akaanza kumpa viwili, ili utosi uzibe upesi. Muuguzi alipogundua akamwambia, “Baba, utosi si tundu la paa uharakishe kuliziba. Ubongo haujamaliza kukua.” Baba alikasirika kidogo, maana alidhani amefanya wema.

Muuguzi alisema kweli. Homoni ya tezi ya shingo ikizidi mno, mishono hufungana kabla ya wakati. Mwaka 1975 madaktari waliandika habari za watoto waliozaliwa na upungufu, wakapewa dawa kupita kiasi, na vichwa vyao vikafungana mapema. Kwa hiyo dawa ile ile, ikipungua, huuacha utosi wazi na ubongo gizani. Ikizidi, huubana ubongo ndani ya mfupa. Ndiyo maana ya kupima damu mara kwa mara, na ya ule utepe wa kupimia kichwa ambao akina mama hudhani ni mchezo wa kliniki. Mtoto yule kipimo chake kilirekebishwa. Hutembea na kusema, ila alichelewa yote mawili, na twafikiri ile miezi mitano ndiyo iliyomgharimu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila utosi mpana ni wa tezi. Upungufu wa vitamini D, ambayo mwilini hufanya kazi kama homoni, hulegeza mifupa ya kichwa hata ibonyee kwa kidole. Mtoto afungiwaye ndani asione jua aweza kupatwa nao hata katika nchi zetu zenye jua tele.

Tarishi mwingine hutoka katika tezi ndogo kama kunde, iliyolala katika kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Huyu ni wa kukuza. Mwaka 1909 Harvey Cushing, daktari wa Marekani, alilifungua huko London fuvu la Charles Byrne, Mwairishi aliyefariki mwaka 1783 akiwa na kimo cha karibu meta 2.3, akakuta kishimo kile kimepanuka kwa uvimbe wa tezi. Homoni hiyo ikizidi kwa mtu mzima, harefuki tena. Ila taya hutokeza, mfupa wa nyusi hunenepa, na kofia ya mwaka juzi haimwenei.

Dawa anazomeza mama humfikia pia mtoto aliye tumboni. Valproati, dawa ya kifafa, yaweza kuufunga mapema mshono wa paji, hata paji likawa na ncha kama omo ya chombo. Dawa za shinikizo la damu kama enalaprili na kaptoprili, zikitumiwa mimba ikiwa imekua, zaweza kuizuia mifupa ya fuvu isiumbike sawasawa. Lakini mwenye kifafa asiache dawa kwa ghafula, maana kuanguka nako huua. Na amwendee daktari kabla ya kushika mimba, ili abadilishiwe.

Limebaki jambo la kupona. Wagusii wa Kenya wana waganga waitwao ababari, ambao tangu zamani huwapasua watu vichwa waliopigwa, wakakwangua mfupa mpaka ukatoboka; na wengi waliishi. Ukingo wa tundu hupona ukawa laini, lakini tundu lenyewe halijai. Ndivyo ulivyo mfupa wa fuvu la mtu mzima: haufanyi uvimbe mkubwa wa kuungana kama mfupa wa mguu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hivi ana bahati nyingine, kwani utando uliofunika ubongo wake bado una nguvu ya kuotesha mfupa, na tundu laweza kujaa.

Hapa nako matarishi wana neno. Prednisoloni, ambayo wengine huinunua dukani kama dawa ya kila maumivu, ikitumiwa siku nyingi hudhoofisha mifupa na kukawiza kuungana kwake. Homoni ya tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo ikizidi mfululizo hula mfupa, hata picha ya fuvu ikaonekana yenye vidoadoa. Lakini ikidungwa kidogo mara moja kwa siku, huujenga mfupa. Na mwaka 1965 Marshall Urist, huko Los Angeles, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa chokaa, ukipandikizwa ndani ya nyama ya mnyama, huotesha mfupa mpya. Ndani yake mna kitu kiziamshacho chembe zijengazo.

Hata hivyo tundu kubwa la kichwa cha mtu mzima bado huzibwa kwa mkono wa daktari, ama kwa bamba la madini, ama kwa kipande kile kile kilichotolewa. Penye friji ya kufaa kipande hicho huhifadhiwa humo. Pasipokuwa nayo, madaktari wengine hukishona chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, akatembea nacho miezi kadhaa mpaka siku ya kurudishwa mahali pake.