Barua Pepe "Iliyoharibika": Neno Moja, Hitilafu Tatu

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo usio wake katika ofisi zetu ni neno kuharibika. Mtumishi afunguapo barua pepe akakuta alama asizozifahamu, husema imeharibika. Akikuta kichwa cha barua moja kimeambatana na maneno ya barua nyingine, husema vivyo hivyo. Kwa neno hilo fundi hajui aanzie wapi, na huenda barua iliyo salama ikafutwa. Hapana budi basi kuzitenga hitilafu tatu, kila moja na jina lake.

Ya kwanza twapendekeza iitwe mvurugiko wa herufi. Kompyuta huhifadhi namba, nazo husomwa kwa jedwali la msimbo. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lilikuwa na nafasi 128 tu. Msimbo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, hutosheleza maandishi ya lugha nyingi mno. Barua ya UTF-8 ikisomwa kwa jedwali la Windows-1252, neno ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda huonekana ngâ€™ombe, kwa kuwa namba tatu za alama moja zimesomwa kama alama tatu. Barua hiyo ni nzima, ila imesomwa kwa jedwali lisilo lake. Dawa ni kuiamuru programu iisome kwa jedwali sahihi. Ikiwa mvurugiko ulitokea kabla ya kutumwa, mwandishi aombwe kuituma tena.

Ya pili ni kosa la faharasa. Programu ya Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, kwa kawaida huweka barua zote za folda moja katika faili moja, na kando yake faili dogo la faharasa lionyeshalo kila barua inapoanzia. Faharasa ikikosea, vichwa na maneno huchanganyika. Ni sawa na kadi ya maktaba itajayo rafu isiyo yake: kitabu kipo, kadi ndiyo yenye kosa. Amri ya kurekebisha folda huunda faharasa mpya kutokana na barua zenyewe.

Ya tatu pekee ndiyo istahiliyo kuitwa uharibifu wa barua. Hapa faili la barua lenyewe limedhurika, pengine kwa sababu umeme ulikatika wakati programu ikiandika, au diski ina kasoro. Faharasa mpya haiwezi kurudisha kilichopotea. Tegemeo ni nakala ya akiba, au nakala iliyobaki katika seva. Watumiao utaratibu wa IMAP aghalabu huikuta huko. Watumiao POP huenda wasiikute, kwani barua yaweza kuondolewa katika seva baada ya kupakuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kurekebisha au kufuta chochote, programu ifungwe, kisha folda zinakiliwe mahali pengine. Baada ya hapo mtumishi aeleze alichokiona: je, herufi zimevurugika, faharasa imekosea, au barua imeharibika? Mfasiri wa maelekezo ya programu naye azingatie tofauti hizo, maana neno alichaguapo ndilo litakalomwongoza mtumishi kuihifadhi barua au kuitupa.