Sikio moja likizidi kuwa zito: Uvimbe wa neva ya kusikia na matibabu yake

Mzee wa miaka sabini akipungukiwa usikivu wa masikio yote mawili kidogo kidogo, nyumba nzima hulizoea jambo hilo na watu huanza kuzungumza naye kwa sauti ya juu. Lakini mtu wa miaka arobaini na tano anayegundua kwamba simu anaisikia vizuri akiiweka sikio la kulia, na akiihamishia kushoto anasikia sauti tu bila kupambanua maneno, huyo hali yake ni nyingine. Mara nyingi chanzo huwa ni chepesi, kama nta iliyoganda, mafua yaliyoziba njia ya sikio au usaha wa sikio la kati. Kwa wachache, chanzo ni uvimbe unaoota ndani ya kichwa, juu ya mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Uvimbe huo ndio tutakaouzungumzia, kwa sababu tofauti ya kuujua mapema na kuujua baada ya miaka mingi ni kubwa mno.

Mshipa huo wa fahamu, yaani neva, ni wa nane katika neva kumi na mbili za kichwa. Una matawi ya aina mbili. Moja hupeleka sauti na jingine hupeleka habari za mizani ya mwili, ndiyo maana mtu anaweza kutembea gizani bila kuanguka. Neva hii hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa pamoja na neva ya saba, inayotembeza misuli ya uso, kisha zote mbili huingia kwenye shina la ubongo. Uvimbe huanzia kwenye chembe zinazoizunguka neva kama ngozi ya waya wa umeme, na mara nyingi huanzia kwenye tawi la mizani. Madaktari wamezoea kuuita akustiki neuroma, ingawa jina sahihi zaidi siku hizi ni vestibula shwanoma.

Uvimbe huu si saratani. Hausambai kwenda mapafuni wala kwenye ini. Nao ni wa nadra, kwani kwa mwaka hugundulika kwa mtu 1 hadi 2 hivi katika kila watu 100,000, hasa wenye umri kati ya miaka 40 na 60. Hukua polepole, pengine milimita 1 au 2 kwa mwaka, na baadhi hukaa miaka bila kukua kabisa. Basi hatari yake ni ipi? Ni mahali ulipo. Fuvu la kichwa ni chumba kilichofungwa pande zote. Kitu kikiota humo lazima kisukume kingine, na jirani wa uvimbe huu ni shina la ubongo, ambalo ndilo linaloongoza pumzi, mapigo ya moyo na kumeza.

Dalili ya kwanza kwa wagonjwa walio wengi ni kupungua usikivu wa sikio moja. Pamoja nayo huja mlio usiokoma, kama wa nyenje au wa chai inayochemka, upande huo huo. Wengine huyumba wakitembea, hasa usiku au kwenye njia ya mchanga, bila kile kizunguzungu kikali cha dunia kugeuka. Uvimbe ukiwa mkubwa huigusa neva ya tano, na mgonjwa huhisi ganzi shavuni. Ukiendelea hapo huziba njia ya maji ya ubongo, yakaja maumivu ya kichwa ya asubuhi, kutapika na macho kupoteza nuru. Hii ya mwisho ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Jambo la kushangaza ni kwamba uso haupindi mapema. Neva ya uso huvumilia kusukumwa miaka mingi, kwa hiyo familia isisubiri mdomo uende upande ndipo iamini kuwa kuna tatizo.

Mlio wa sikioni una tafsiri nyingi mitaani. Wapo wanaosema mtu anasemwa, wapo wanaosema ni jini, na mgonjwa huzungushwa kwa waganga miezi na miezi. Kumsomea mgonjwa na kumuombea dua hakumzuii kwenda kupimwa sikio, na wala masheikh wetu hawajasema kwamba kunamzuia. Wengine humimina mafuta ya moto au kuchokonoa kwa njiti ya kiberiti. Hilo huweza kutoboa kiwambo cha sikio, na kwa vyovyote haliufikii uvimbe ulio ndani ya mfupa. Aidha, wengi huuliza kama simu za mkononi ndizo zinazouleta. Tafiti kubwa zilizofanyika hadi sasa hazijathibitisha hivyo.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya hata sasa. Funga mdomo, kisha toa sauti ya "mmm" mfululizo. Mwenye masikio mazima huisikia katikati ya kichwa. Ikiwa sikio zito limezibwa na nta au maji, mvumo husikika zaidi upande huo huo mzito. Ikiwa neva ndiyo yenye kasoro, mvumo huelekea kwenye sikio zima. Daktari hufanya jambo kama hilo kwa chuma chenye umbo la uma anachokigonga na kukiweka kwenye paji la uso. Jaribio la nyumbani halitoshi kutoa hukumu, lakini linaweza kukuondolea uvivu wa kwenda hospitali.

Huko, daktari wa masikio, pua na koo atachungulia kwanza sikioni. Kisha mgonjwa huwekwa kwenye chumba kisicho na kelele, akavalishwa vifaa vya kusikilizia, akapimwa kila sikio peke yake. Kipimo hiki huitwa odiogramu. Sehemu yenye faida kubwa ni ile ya kurudia maneno, kwani mwenye uvimbe wa neva huweza kusikia kwamba mtu amesema, lakini asipate neno lililosemwa. Masikio mawili yakitofautiana bila sababu inayoonekana, hatua inayofuata ni picha ya MRI, ikiambatana na dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani. Dawa hiyo huufanya uvimbe ung'ae, na hata wa milimita chache huonekana. Picha ya CT ni nafuu na hupatikana kwa urahisi, lakini uvimbe mdogo huweza kuikwepa. Kwa hiyo aliyeambiwa CT yake ni safi huku sikio linazidi kuwa zito, bado hajamaliza kupimwa.

MRI haitumii mionzi, bali sumaku yenye nguvu sana. Kina mama waondoe pini za mtandio na vito vyote kabla ya kuingia. Mwenye kifaa moyoni, chuma mwilini, mimba au ugonjwa wa figo aseme mapema.

Yupo mgonjwa ambaye usikivu humpotea ghafla kwa siku moja. Huyo asingoje wiki ipite, maana matibabu ya haraka huweza kuurudisha. Na hata ukirudi, picha bado inahitajika, kwani uvimbe huu nao huweza kuanza kwa namna hiyo.

Ikiwa uvimbe uko pande zote mbili, hiyo ni maradhi ya kurithi yaitwayo NF2, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata. Familia ya namna hiyo ipimwe yote.

Sasa matibabu. Wengi wakisikia neno uvimbe na neno ubongo hudhani kisu ni kesho. Sivyo. Uvimbe mdogo usiosumbua, hasa kwa mtu mzima wa umri mkubwa, huweza kuachwa ukiangaliwa. Picha hurudiwa baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Huo ni mpango kamili wa tiba wala si kutelekezwa, ila una sharti moja gumu kwetu sisi, nalo ni kurudi. Anayejisikia vizuri akaacha picha ya mwaka wa pili huwa amejitoa kwenye mpango.

Njia ya pili ni miale. Mwaka 1968 mjini Stockholm, daktari Lars Leksell alianza kutumia mashine iitwayo Gamma Knife. Jina lina kisu, lakini hakuna kinachokatwa. Miale myembamba karibu 200 huelekezwa kutoka pande nyingi hadi ikutane kwenye uvimbe tu. Hufaa kwa uvimbe usiozidi sentimita 3 hivi. Lengo ni kuuzuia usikue. Haujaondolewa, na mgonjwa ataendelea kupigwa picha. Katika miezi ya mwanzo huweza hata kuvimba kidogo kabla ya kutulia, jambo ambalo limewatia hofu wengi bure.

Uvimbe mkubwa unaolisukuma shina la ubongo huhitaji upasuaji. Upasuaji huu una historia nzito. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walikuwa wakiuchimbua uvimbe kwa kidole, na wagonjwa walio wengi walifia mezani au siku chache baadaye. Harvey Cushing wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1917, alionyesha kwamba uvimbe ukikombwa ndani na ganda lake likaachwa, vifo hupungua hadi mgonjwa 1 katika 5, na baadaye akavishusha zaidi. Walter Dandy akafuata kwa kuliondoa na ganda lenyewe. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Los Angeles, William House, aliyesomea meno kabla ya kusomea udaktari, akaleta darubini ya upasuaji na keekee ndogo ya kupitia mfupa wa sikio. Leo, kwenye vituo vyenye uzoefu, wanaofariki ni chini ya mmoja katika mia.

Njia za kuufikia uvimbe ni tatu. Ya kwanza hupita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hii humwonyesha daktari neva ya uso vizuri, lakini sikio hilo halitasikia tena. Ya pili hufungua fuvu nyuma zaidi ya hapo, na ya tatu hupita juu ya sikio. Hizi mbili hutumika pale ambapo kuna matumaini ya kuokoa usikivu, na matumaini hayo yapo hasa uvimbe ukiwa haujazidi sentimita 1 na nusu na sikio likiwa bado linapambanua maneno. Hapa ndipo kuchelewa kunapotoza gharama, kwa kuwa uvimbe uliofika sentimita 3 mara chache humwachia mtu sikio lake.

Kazi huweza kuchukua saa 4 hadi 12 chini ya nusu kaputi. Daktari wa ubongo na daktari wa masikio husimama pamoja. Neva ya uso huwa imetandazwa juu ya uvimbe, nyembamba kama karatasi. Kwa hiyo sindano ndogo huwekwa kwenye misuli ya uso, na kila neva inapoguswa mashine hulia. Uvimbe hukombwa ndani kwanza, kisha ganda hubanduliwa taratibu. Likiwa limeng'ang'ania shina la ubongo au neva ya uso, daktari mwenye busara huacha kipande kidogo na kukifuatilia kwa picha. Familia isidhani amefanya kazi nusu. Uwazi uliobaki, kwenye ile njia ya kwanza, huzibwa kwa mafuta yanayotolewa tumboni mwa mgonjwa mwenyewe.

Kwa Tanzania, upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu hufanyika katika taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, na mgonjwa hufika huko kwa rufaa. Popote utakapopelekwa, muulize daktari ameshafanya wangapi wa aina hii, na nyuso zao zilikuwaje baadaye. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Baada ya hapo mgonjwa atayumba kwa wiki kadhaa hadi ubongo uzoee kutumia sikio moja kwa mizani. Dawa yake ni kutembea kila siku akishikwa mkono; kulala kitandani humchelewesha. Uso ukilegea, jicho ndilo la kulindwa kwanza, kwa sababu lisilofumba hukauka na kupata kidonda. Atumie dawa ya matone mchana, marhamu usiku, na jicho lifungwe kwa plasta wakati wa kulala.

Jambo jingine ni maji ya ubongo kuvuja. Maji meupe yakitiririka puani au kwenye kidonda, hasa akiinama, arudishwe hospitali mara moja, maana ni mlango wa homa ya uti wa mgongo. Kwa ajili hiyo madaktari humkataza kwa wiki kadhaa kupenga kwa nguvu, kunyanyua mizigo na kuinamisha kichwa. Hili linagusa ibada moja kwa moja. Kupandisha maji puani wakati wa kutawadha kungoje ruhusa ya daktari, kidonda kisirowe, na kwenye kusujudu aswali amekaa kwenye kiti kwa ishara. Ruhusa ya mgonjwa katika mambo hayo inajulikana, na imamu wa msikiti wenu atamfafanulia namna ya udhu wake.

Aliyepoteza sikio moja hutaabika kwenye kelele na hushindwa kujua sauti imetoka wapi. Vipo vifaa vinavyohamisha sauti kutoka upande mfu kwenda upande mzima. Nyumbani, mezani na darsani akae mahali ambapo watu watakuwa upande wa sikio lake linalosikia, na barabarani awe na mtu upande ule mwingine, kwani honi ya pikipiki huisikia lakini huweza kugeukia upande usio wake.